Mwaka Nilioibeba Timu ya Mbao Kichwani

Bhanu amekufa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Wanawe walisema ametutoka, amepumzika, lakini Bhanu mwenyewe, rafiki yangu, hakuwa mtu wa kuzungushiwa maneno. Jumamosi nilikwenda Neasden, hapa London, kukaa na familia yake. Tulivua viatu mlangoni, tukaketi sakafuni juu ya mashuka meupe, na mtoto wake wa kwanza, ambaye siku hizi ana mvi kunishinda, akaja akachuchumaa mbele yangu na bahasha nene. "Mama Faida," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama alisema hii yako. Alisema nikitupa atarudi anipige." Nilicheka palepale mbele ya wafiwa, Mungu anisamehe. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nyingi zenye mwandiko wa Bhanu wa kulala upande, wino wa buluu, na kwenye ukurasa wa kwanza doa la bizari ambalo nakumbuka lilivyodondoka. Nilirudi nazo kwenye basi nimezikumbatia. Mjukuu wangu, huyu anayesomea sheria, na sitachoka kulisema, akasoma kurasa mbili amesimama na mkate mdomoni, kisha akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anasikia lakini hajibu nacho: hii timu ya mpira ya Uswidi ni ya nani? Nikamwambia, ni yangu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia kaa chini, na hayo niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea kuisha. Nilikuwa na ruhusa ya kufanya kazi lakini sikuwa na karatasi za kukaa, na mtu wa namna hiyo hachagui kazi. Wakala wa kutunza wazee alinipa anwani ya Kilburn, funguo mbili, na orodha ya mambo ya kufanya ambayo sikuweza kuisoma yote. Shule niliiacha darasa la tatu. Herufi nilizijua zikikaa mojamoja, lakini zikijikusanya kwa Kiingereza zilinizidi nguvu. Sikumwambia mtu. Nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia, nikafungua mlango, nikapigwa na joto kama la tanuri, maana hita zote zilikuwa zinawaka na madirisha yamefungwa. Sebuleni hamkuwa na pa kukanyaga kwa maboksi. Katikati ya maboksi, kwenye kiti cha mbao, alikaa mzee mmoja mwenye mifupa mikubwa kama kitanda kilichofunguliwa, jina lake Sten. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati, akiona pembeni tu, kwa hiyo alipotaka kukutazama aligeuza uso kando kama kuku. Alinitazama hivyo muda mrefu. "Unajua mpira?" akaniuliza. Si jina, si natoka wapi. Nikasema hapana. "Vizuri," akasema, "basi hutanibishia."

Wiki ya kwanza nilifikiri yule mzee anaadhibiwa kwa kosa fulani. Chakula chake kilikuwa samaki wabichi waliolowekwa kwenye siki na sukari ndani ya chupa, viazi vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa majani membamba kama nywele, na mkate mkavu ambao ukiudondosha sakafuni ungefikiri umeangusha sahani. Mimi nilileta chakula changu kwenye kibakuli, nikala jikoni nimesimama. Siku moja akanusa. "Nini hicho?" Nikamwambia ni sombe, majani ya muhogo, na ndani kuna ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu kule Uvira. Akasema lete. Akala kimya, akaokota ndagala mmoja kwa vidole, akamsogeza karibu na pembe ya jicho lake. "Huyu," akasema, "ni ndugu mdogo wa samaki wangu." Tangu siku hiyo nilikaa mezani. Nami nikamwita Mzee, nikamweleza kwamba ni heshima, akafurahi sana, akampigia simu binti yake kazini kumwambia kwamba amepandishwa cheo.

Binti yake aliitwa Karin. Ndiye aliyemleta London baba yake baada ya mama kufa, akampangishia ile nyumba karibu na kwake. Alikuwa mwanamke mwema mwenye haraka, koti halivui. Nilimsikia kwenye korido siku moja akiongea na mtu kwenye simu, nami napiga deki bafuni, mlango wazi. "Jumapili zote za utoto wangu alikuwa uwanjani," alisema. "Anachora mistari ya chokaa, anafua jezi za wanaume wazima. Sasa anataka niandike historia ya hiyo timu? Mimi?" Akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. Hapo ndipo nilipoelewa maboksi: yalijaa vitu vya timu. Kijiji cha Mzee kilikuwa na kiwanda cha kupasua mbao kando ya ziwa, na kiwanda kilikuwa na timu, timu ya daraja la tano, ndogo hata kwa Waswidi wenyewe. Jina lake lilikuwa refu na ulimi wangu ulilikataa, nikaiita Timu ya Mbao. Mzee aliichezea beki wa kushoto, halafu akawa katibu wake karibu maisha yote. Sasa ilikuwa imetoka barua: msimu ukiisha, Timu ya Mbao itaunganishwa na timu ya ng'ambo ya ziwa, na jina lake litafutwa. Walitaka kwenye kikao cha mwisho isomwe historia yote tangu mwanzo, kisha ichapwe kijitabu. Aliyekuwa bado hai na anaijua ni Mzee peke yake. Na macho yalikuwa yamekwenda. Karin alimnunulia kinasa sauti, Mzee akakaa nacho asubuhi moja, akakizima. "Kinanyamaza tu," akasema. "Hakiulizi kitu. Nitamwambiaje habari mtu asiyeuliza?"

Sasa nifike kwenye kosa langu. Chini ya kabati la chumbani nilikuta mfuko wa karatasi, ndani yake jezi ya kijani ya kitambaa kizito, ngumu kama ubao kwa matope, inanuka panya. Mimi nimelelewa kwamba nguo chafu ya mzee ikionekana, aibu si ya mzee, ni ya mwanamke aliyemo nyumbani. Basi niliilowesha kwenye beseni. Nikaisugua kwa sabuni ya kipande na kwa mikono, sikutaka hata kuitia kwenye mashine, nikabadilisha maji mara nne, nikaianika juu ya hita, nikaipiga pasi, nikaikunja, nikamwekea mapajani kama zawadi. Nilikuwa najivuna, nasema ukweli. Mzee akaipapasa. Akainusa. "Matope yako wapi?" akauliza. Nikamwambia kwa furaha kabisa: yametoka yote! Akafunika uso kwa ile jezi. Jioni Karin alipokuja nilisikia sauti yake jikoni, "Baba, ameifua? Ameifua?", na mimi kwenye korido nimeshika mkoba wangu, tayari kufukuzwa. Nilikuja kujua kwamba ile jezi ilivaliwa kwenye mchezo mmoja tu, zaidi ya miaka arobaini nyuma, mchezo ambao Timu ya Mbao ilipanda daraja mara moja katika maisha yake yote, na kwamba uwanja wenyewe uko chini ya lami sasa, malori yanapita juu yake. Udongo wake uliobaki duniani ulikuwa kwenye ile jezi, nami niliumwaga kwenye sinki la Kilburn.

Kesho yake nilirudi, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisirudi. Nikakaa mbele yake, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuvunjikavunjika: Mzee, udongo siwezi kuurudisha. Lakini niambie ulikuwa wa nini. Niambie tangu mwanzo, nitauweka hapa. Nikagonga kichwa changu ili asikie. Akageuza uso kando, akaniangalia. "Utaweza?" Nikamwambia, kwetu mtu akitumwa habari haondoki mlangoni mpaka ameirudia yote mbele ya aliyemtuma; akikosea anarudishwa mwanzo, na mimi nilitumwa habari tangu sijaota meno ya pili. Akafikiri. Kisha akasema: "Walikuwa kumi na mmoja, na hawakuwa na mpira."

Ndivyo tulivyoanza. Asubuhi, nikimenya viazi, nilirudia ya jana. Yeye alishika kijiko. Nikikosea aligonga meza mara moja, nikiwa sawa alinyamaza. Kisha akaniongezea ya leo. Wale kumi na mmoja walichuma matunda ya porini majira yote ya joto, wakayauza, wakapata mpira wa kwanza, na wa kwanza kuupiga akaupigia ziwani. Uwanja wao uliinama upande mmoja, hata mpira ukitulia ulianza kutembea wenyewe, na wageni walilalamika, na wenyeji walisema sisi hatuoni tatizo. Walibadilishia nguo kwenye banda la kukaushia mbao, wakaingia uwanjani wananukia kama masanduku mapya. Kipa wao mmoja alikuwa mtoto wa mchungaji, hakuruhusiwa kucheza Jumapili, na michezo yote ilikuwa Jumapili, kwa hiyo alitoka kwa dirisha la nyuma wakati wa mahubiri na kurudi na magoti yenye matope wakati wa baraka. Mimi nilikuwa nauliza. Mama yake hakuona magoti? Nani alifua? Wake zao walisema nini? Mzee alikuwa anashangaa. "Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema, kisha akakumbuka, na tukapata mke wa seremala aliyeshona wavu wa goli wakati wa msiba wa mama yake, ili mikono isikae bure. Bila swali langu yule mwanamke angepotea. Kiingereza changu chote nilijifunzia pale. Mpaka leo nikiongea na daktari wajukuu wananicheka, wanasema Bibi anaongea kama kocha.

Msimu kwa msimu tulikwenda, lakini niliona kitu. Mchezo wa matope aliuruka. Akaniambia mwaka kabla yake, akaniambia mwaka baada yake, waliposhuka tena. Nikimuuliza alisema viazi vinaungua. Mpaka siku moja ya masika, mvua inapiga dirisha, akaweka kijiko chini mwenyewe. Kijiji kizima, akasema, kinajua kwamba bao lile la kupanda daraja alilifunga yeye, Sten. Kuna kibao cha shaba ukutani kwenye nyumba ya klabu, jina lake limechongwa. Mvua ilikuwa ya namna ya leo. Dakika za mwisho, mpira wa kona, watu ishirini kwenye tope mbele ya goli, nyuso zote rangi moja. Mpira haukumgusa. Aliyeugusa ni Arne, kijana wa winga aliyekuwa mgonjwa wa kifua, aliyeanguka kifudifudi na mpira ukampiga kichwani ukaingia. Arne hakujua hata kama ni bao. Alikuwa anatema tope. Watu wakamrukia Sten kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama. "Nikainua mikono," Mzee akasema. "Nilidhani nitaishusha kesho nitakapowaambia. Kesho yake kulikuwa na karamu. Majira ya baridi yaleyale Arne alikufa kwa kifua chake. Baada ya hapo nitamwambia nani?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo ili nirudie, kama desturi yetu. Akanyoosha mkono akanizuia. "Hii usirudie," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuniambia hivyo. Nikameza.

Bhanu alikuwa ameshaingia maishani mwangu wakati huo. Alikuwa na duka kwenye barabara kuu ya Kilburn, unga, viungo, kadi za simu, ndizi mbichi. Niliingia siku moja nikamkuta anamgombeza mtu kwenye simu kwa Kiswahili cha Mwanza kilichonyooka, nikasimama mdomo wazi. Akakata simu. "We unashangaa nini, hujawahi kuona Mhindi?" Nikamwambia natafuta ndagala. "Nini? Sema vizuri. Dagaa!" Nikamwambia kwetu ni ndagala. "Nyie Wakongo mna samaki wenu, majina yenu, rais wenu, vita yenu, na bado mnakuja kununua kwangu," akasema, akanipunja mchele na kunizidishia samaki. Ndivyo alivyopenda watu, kwa kutukana kwanza. Alisoma mpaka sekondari, akawa karani kabla hajaolewa, na mwandiko wake ulimpa kiburi kama wengine wanavyopewa kiburi na nywele.

Mwezi wa saba Mzee alipata kiharusi. Nilimkuta sakafuni asubuhi, macho wazi, mdomo umekwenda upande. Alikaa hospitali wiki nyingi, akarudishwa nyumbani na kitanda cha chuma kilichochukua nusu ya sebule. Mkono mmoja ulifanya kazi. Neno hakuwa nalo hata moja. Karin aliketi jikoni na koti lake, akaniambia atawapigia simu kule Uswidi, awaambie historia haipo tena, wafunge timu yao bila historia. Sauti yake ilikatika, yeye aliyekuwa anaichukia ile timu. Nikamwambia: ipo. Akaniuliza iko wapi. Nikamwambia iko kwangu. Akanitazama jinsi unavyomtazama mtu mwenye homa. Basi nikaweka sufuria chini, nikaanza: walikuwa kumi na mmoja, na hawakuwa na mpira. Nilipofika kwa mtoto wa mchungaji, Karin alikuwa amevua koti. "Hii hajawahi kuniambia," akasema. Nikamjibu kama nilivyo, sina ufundi wa kupamba: na wewe uliwahi kumuuliza?

Lakini habari ya kichwani haipandi ndege, ilibidi iandikwe, na kikao chao cha mwisho kilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Hapo ndipo nilipomwambia Bhanu kwamba siwezi kuandika. Nilimwambia haraka, nikiangalia magunia ya mchele. Hakusema pole. Akageuza kile kibao cha mlangoni kuonyesha duka limefungwa, akavuta kreti mbili chumba cha nyuma, akasema, "Haya, sema. Polepole, mimi si treni." Mimi nilisema kwa Kiswahili, yeye akaandika kwa Kiingereza, mbele yetu sahani ya maandazi au viazi vya bizari, na hapo ndipo doa lile lilipodondoka. Tuligombana kila siku. "Huyu kipa mbona anatoroka kanisani kila sura?" Nikamwambia ndivyo alivyofanya. "Na hao wanawake wanaoshona wavu, kwenye historia ya mpira?" Nikamwambia wavu ulikuwa wa mpira. Mume wake alipita akasikiliza kidogo, akauliza daraja la tano ni la ngapi kutoka chini. Bhanu akamwambia aende akauze. Asubuhi nilikwenda na karatasi kwa Mzee. Zilikuwa zangu kwa sura tu, nilizigeuza huku nikisema kutoka kichwani. Yeye alikuwa na kijiko, na kwenye kitanda chake kulikuwa na meza ya bati. Kosa, anagonga. Sawa, kimya. Aligonga sana. Nilikosea jina la dereva wa basi siku tatu. Lakini msimu mzima ukipita bila kugonga, mimi nilitoka mle ndani natembea kama mke wa gavana.

Ukabaki mchezo wa matope. Nikamwambia Bhanu aandike: bao alifunga Sten. Kalamu yake ikasimama. "Hapa umeongopa," akasema. Nikamwambia andika. "Mama Faida, nimekusikiliza wiki sita. Ukisema kweli unatazama juu. Sasa unatazama viatu." Nikamwambia kuna mambo mtu mzima anakukabidhi akakufungia, na mwenye kufungua ni yeye, na huyu hana tena mdomo wa kufungulia. Bhanu akaniangalia, akaandika, akapiga mstari chini yake kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Mpasuko huo upo. Jana niliupitisha kidole. Mwenzangu hakuwahi kuniuliza tena. Nimekuwa na marafiki wanaopika vizuri kumshinda, na waliokuwa wapole kumshinda, lakini aliyejua kunyamaza mahali panapotakiwa alikuwa yule mmoja, yule mpiga kelele.

Kijitabu kilichapwa. Ninacho, ni chembamba, ni cha Kiswidi, na nyuma jina langu limo, mjukuu wangu alilitafuta akalikuta. Mzee alikufa kabla theluji haijaanguka. Lakini mwaka ule kwangu umesimama kwenye mchana mmoja, mwishoni mwa mwezi wa tisa, walipokuja watu wawili kutoka Uswidi kuchukua nakala ya karatasi, maana zenyewe Bhanu alikataa kuziachia. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa mwisho wa Timu ya Mbao, Lars, mwanamume mnene mwenye mashavu mekundu aliyelia mara tu alipomwona Mzee kitandani. Mwingine alibeba kamera. Nilikuwa nimeoka viazi, nimepanga samaki wa siki na ndagala sahani moja. Nikamsikia Lars akimuuliza Karin pembeni, kwa Kiingereza ili awe na adabu kwangu nadhani, ingawa adabu yenyewe haikuwemo: "Lakini huyu ni msafishaji, sivyo?" Karin akamjibu: "Huyu ndiye katibu wako." Nilimpenda Karin siku ile.

Lars akaomba jambo moja. Kabla ya yote, alitaka asikie mchezo wa kupanda daraja, Mzee akiwa anasikiliza. Baba yake Lars alikuwa uwanjani siku ile, alimsimulia tangu mtoto. Kibao cha shaba alikipaka dawa yeye mwenyewe kila mwaka. Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtoto anayesubiri keki. Nikashika ukurasa wenye mpasuko, nikaanza. Mvua. Kona. Watu ishirini rangi moja. "Na mpira ukaja," nikasema, "na Sten akaufunga."

Mzee akagonga.

Lars akacheka. "Ni unyenyekevu wake," akasema. "Alikuwa hivyo siku zote." Nikarudia, nikabadilisha maneno: mpira ukamfikia Sten. Akagonga tena, na kijiko kikaruka, na Karin akakiokota akamrudishia. "Amechoka," Karin akasema. "Anachanganya." Nikamwangalia. Hakuwa amechanganya kitu. Alikuwa amegeuza uso kando, pembe ya jicho lake imenikazia mimi, na ule mkono mmoja umeinuliwa juu ya bati na unangoja. Kwetu kumwaibisha mzee mbele ya wageni wake ni jambo ambalo mtu anakumbushwa hata kwenye msiba wake mwenyewe. Lakini niliyemwahidi ni huyu, si wageni. Nikaweka karatasi kitandani. Nikainama karibu na sikio lake, nikasema kwa Kiingereza, wote wasikie: "Mzee, ile uliyonikataza kuirudia. Unataka niirudie?"

Basi lilipita chini barabarani, vikombe vikalia kabatini. Mkono ukashuka polepole, kijiko kikalala juu ya bati bila sauti.

Basi nikairudia. Sikupunguza na sikuongeza. Nikasema Arne, nikasema kifua chake, nikasema tope alilotema. Nikasema mikono iliyoinuliwa, na karamu, na majira ya baridi. Nilitazama juu wakati wote. Nilipomaliza hakuna aliyegonga. Karin alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. "Jumapili zote zile," akasema kwa sauti ndogo, "chokaa, na jezi." Hakumalizia, akakaa kitandani, akaushika ule mguu wa baba yake kupitia blanketi. Lars alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alitoa miwani, akaifuta, akaivaa. "Kibao kiko ukutani," akaniambia, kama kwamba mimi ndiye niliyekipigilia. "Nitawaambiaje watu kwamba Sten hakufunga?"

Nikamwambia, waambie Arne alifunga. Na waambie aliyesema hivyo ni Sten.

Akachukua kalamu, akaniomba nirudie jina la ukoo la Arne. Nikalirudia, taratibu, mara mbili, naye akaliandika, akamsomea Mzee, na meza ikanyamaza. Lars akafungua ukurasa mpya, akala ndagala mmoja bila kumwangalia, akasema, "Endelea, Mama." Mwaka baada ya ule mchezo wa matope walishuka daraja, wakifungwa kila mahali walipokwenda, na nilijua kila bao, nikavuta kiti karibu na kitanda, nikaanza na la kwanza.